Picha ya Tumbo la Mama

Mama yangu alijiandaa kufa jinsi alivyokuwa akijiandaa kwenda nyumbani kila Desemba. Kwanza alifua kila kitu, kisha akakunja, kisha akaanza kugawa. Sufuria yake kubwa ya kupikia wageni alimpa jirani. Redio akampa kaka yangu. Mimi nikapewa vitenge vinne ambavyo hajawahi kuvivaa, na mke wa kaka akapata kabati la vyombo. Halafu siku moja asubuhi akavaa vizuri, akajikongoja hadi studio moja karibu na Jogoo Road, akapiga picha. Nilipomuuliza ni ya nini, alisema, "Ya mazishi. Sitaki mniweke kwenye karatasi na ile ya kitambulisho. Pale ninafanana na mwizi."

Alikuwa na miaka sitini na minne. Amekaa mtaa wa Mbotela tangu mimi nikiwa mtoto wa mgongoni, katika nyumba zile za zamani za halmashauri, na mbele ya mlango ana meza anayouzia omena, wale dagaa wa ziwani. Watu wake ni wa magharibi, na Kiswahili chake bado kina lafudhi ya huko ingawa ameishi Nairobi zaidi ya alivyoishi kwao. Mimi nilikuwa nimehamia Tassia na watoto wangu, na siku za kazi niko soko la Gikomba, ninauza mapazia ya mitumba. Mama nilikuwa ninamwona Jumapili tu, kanisani, amekaa, amevaa gauni pana. Ndiyo maana sikuona mapema.

Aliyeona ni jirani, mama wa Kiislamu anayekaanga mahamri mlango wa pili. Urafiki wao una miaka thelathini, na muda mwingi wameutumia kubishana. Alinipigia simu nikiwa kazini.

"Mwanangu, njoo umtazame mamako," alisema. "Tumbo linaenda mbele na yeye anabaki nyuma."

Nilimkuta Mama amekaa kwenye kiti chake, miguu imekonda, uso umekonda, na tumbo limemtoka kama mwanamke anayekaribia kujifungua. Alikuwa akipumua kwa mdomo. Akaniambia kuwa kuvuka lile daraja la watu la Jogoo Road siku hizi kunamlazimu kusimama mara tatu, na kuwa akilala chali anahisi kama anazama, kwa hiyo analala ameketi. Haya yote yalikuwa na miezi kadhaa. Hakusema kwa sababu, kwa maneno yake, "ninyi mna kazi."

Tulianzia kliniki ya mtaani. Wakampaka jeli ya baridi tumboni, wakampitishia kile kifaa cha altrasaundi, na daktari kijana akatazama skrini, akirudia mahali palepale. Wakatoa damu. Siku mbili baadaye akaniita peke yangu. Kwenye ovari ya kulia, yaani kile kifuko cha mayai ya uzazi, kulikuwa na uvimbe mkubwa. Haukuwa wa maji, ulikuwa mgumu. Tumbo lenyewe ndilo lililojaa maji, na maji mengine yalikuwa yamezunguka pafu la kulia. Kile kipimo cha damu kinachotumika kutafuta saratani kilikuwa kimepanda.

"Ni kansa?" nikauliza.

"Sijakata nyama nikaipima," akasema. "Lakini mama wa umri huu, uvimbe mgumu, maji tumboni, maji kifuani, na damu kama hii... Mjiandae."

Simlaumu. Leo nikiyapanga yale aliyokuwa nayo mezani, ningesema vivyo hivyo. Na ni yeye aliyeandika barua ya kutupeleka hospitali kubwa, akaandika juu yake kwamba ni haraka.

Kaka yangu anafanya kazi kwenye kiwanda kimoja Industrial Area. Nilimngoja getini wakati wa kubadilisha zamu, nikamwambia tumesimama kando ya ukuta. Alisikiliza mpaka mwisho, akavua kofia, akaivaa tena.

"Wacha mathe apumzike nyumbani," alisema. "Si hapa. Asife akipigwa sindano na watu asiowajua."

Wiki hiyo hiyo akapiga simu kijijini. Ninajua alifanya kwa upendo. Katika familia yetu mtoto wa kiume akiambiwa mzazi anakwenda, anachotakiwa kufanya ni kuhakikisha njia imefagiwa. Mama naye alipojua hakulia. Alianza kufua.

Hospitali kubwa tulipokelewa na daktari wa upasuaji wa wanawake, mama mfupi mwenye sauti ya chini, mtu wa kuuliza swali moja kisha akasubiri jibu lote. Jambo la kwanza alilofanya ni kuyapunguza yale maji. Walitoboa kwa sindano, wakayatoa ya tumboni na baadhi ya kifuani, na kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi nikamwona Mama akivuta pumzi hadi chini. Maji yakapelekwa maabara. Majibu yakarudi kwamba hakuna seli za saratani zilizoonekana.

Nikaruka. Daktari akaniinulia kiganja.

"Polepole. Kukosa kuziona kwenye maji si ushahidi kwamba hazipo. Lakini kunanifanya niulize tena." Akavuta kiti karibu na Mama, akamwelekea yeye, si mimi. "Mama, kuna uvimbe na uvimbe. Kama huu ni saratani iliyotapakaa, nitahitaji wenzangu wa saratani wawe nami, upasuaji utakuwa mrefu, na pengine tuanze na dawa kwanza. Kama si saratani, ninaingia, ninautoa, ninafunga. Kwa kifua chako hicho, tofauti ya hayo mawili ni kubwa sana. Sitaki kushika kisu kabla sijajua ninakwenda kukutana na nini. Nataka ukapigwe picha ya MRI."

Mama akatikisa kichwa. "Picha nimeshapiga, daktari," akasema.

Hakuwa anafanya mzaha. Nyumbani alikataa katakata. Jumamosi hiyo alasiri tulikaa kwenye kile chumba kidogo cha mbele, mimi, kaka na yeye, tukavutana. Mimi nikasema picha haiumi. Kaka akasema tumsikilize mwenyewe, amechoka, siku zilizobaki ni chache na hazifai kuishia kwenye foleni. Mama akasema mashine haijawahi kumrudisha mtu. Tulikuwa tumeanza kupandishiana sauti jirani alipoingia bila kubisha, amebeba ile sufuria kubwa kichwani. Akaitua katikati ya chumba, kishindo.

"Sijaitumia," akamwambia Mama. "Kila nikiinua kifuniko nakuona wewe. Siwezi kupikia sufuria ya urithi wa mtu aliye hai. Nenda kapige hiyo picha. Wakikwambia unakufa, nirudishie, nitaipokea kwa moyo mmoja. Wakikwambia huendi popote, basi mimi na wewe hatujapeana kitu."

Mama akaivuta sufuria karibu na kiti chake. Kisha akaniuliza mimi: "Ni siku gani?"

Gharama ya picha ile ilitoka mifukoni mwa watu wengi, kina mama wa kanisa, wauzaji wenzangu wa mapazia, hata wasukuma mikokoteni wawili waliozoea kunishushia mizigo. Sikuwaomba wote. Nilishtuka tu kuona mtu akiniita kando na kunishika mkono kwa namna ambayo mkono haurudi mtupu.

Siku yenyewe walimvua hereni, vibanio vya nywele, na rozari aliyoificha ndani ya sidiria. Ile ni mashine ya sumaku, haitaki chuma karibu. Wakamlaza, wakamwekea mito chini ya magoti na kichwa, wakamchoma sindano ya mshipa watakayopitishia dawa, wakamziba masikio. Nilibaki nje ya mlango. Hata nje nilisikia zile kelele, kugongwagongwa kusikoisha. Mama alipotoka alisema ni kama kulala katikati ya mafundi wa masanduku ya bati, na kwamba alikuwa ameimba nyimbo zote za pambio anazozijua, kimoyomoyo, akaanza upya.

Tulikuwa tumeambiwa tuchukue majibu baada ya siku kadhaa. Nilikuwa ninamfunga Mama viatu mlango wa ndani ulipofunguka na mwanamke mmoja akatokea, miwani imepanda kichwani, kandambili miguuni.

"Nani yuko na mama huyu?" akauliza.

Niliacha kamba ya kiatu haijafungwa, nikasimama. Katika hospitali, mtu akikujia kabla ya wakati wake, hakuletei habari za arusi. Alijitambulisha kuwa ndiye daktari wa kusoma picha. Akamuuliza Mama maswali: tumbo lilianza kuvimba lini, amewahi kutokwa damu baada ya kukoma hedhi, kuna mtu wa ukoo aliyeugua matiti au kizazi. Mama akajibu yote. Kisha daktari akaniambia niingie naye ndani, nione.

Chumba kilikuwa na mwanga hafifu na skrini mbili kubwa. Akaniuliza ninafanya kazi gani. Nikamwambia ninauza mapazia.

"Basi wewe unajua kutofautisha kitambaa kwa kukishika tu, bila kusoma lebo," akasema. "Nami ndivyo, ila mimi ninatumia weusi na weupe."

Akanionyesha. Katika picha ile maji yalikuwa meupe, yamezunguka matumbo kama maziwa yaliyomwagika. Kibofu kilikuwa cheupe. Misuli ya mgongo ilikuwa myeusi. Na pale chini, upande wa kulia, kulikuwa na kitu cha mviringo, kikubwa, cheusi karibu sawa na ile misuli.

"Uvimbe wenyewe ndio huu. Sasa sikiliza. Saratani ya ovari mara nyingi huja na mchanganyiko: hapa maji, hapa nyama, kuta zisizolingana, vinyama vinavyoota kwa ndani. Na tukitia dawa kwenye mshipa, hunywa ile dawa haraka, inawaka. Huu wa mama hauna mchanganyiko huo. Ukingo wake ni laini. Dawa imeingia kidogo, tena polepole. Na nimekagua utando wa tumbo lote nikitafuta mahali saratani imepanda mbegu. Sijaona hata moja."

"Kwa hiyo ni nini?"

"Ninaona ni uvimbe wa nyuzi. Tunauita fibroma. Si saratani."

"Na maji? Na damu iliyopanda?"

"Hicho ndicho kimewachanganya watu, na wala si kosa lao. Mara chache uvimbe wa namna hii huleta maji tumboni na kifuani, na hata kile kipimo cha damu kikapanda. Ukitolewa, maji hukauka yenyewe." Akashusha miwani machoni, akanitazama. "Lakini usinisikie vibaya. Picha haiapi. Atakayesema neno la mwisho ni mtu wa maabara, uvimbe ukishatolewa na kukatwa. Mimi ninachosema ni kwamba huyu mama asipasuliwe kama mtu mwenye saratani iliyotapakaa. Ninampigia daktari wake sasa hivi. Nimekuita kwa sababu nimemwona mamako akitembea pale nje kama mtu aliyekwisha kuaga."

Nilimwomba nishike ile skrini. Sijui kwa nini. Akaniruhusu. Nikaweka kidole juu ya ule weusi na ulikuwa baridi, kioo tu.

Nilimwambia Mama tukiwa tumekaa kwenye benchi la nje. Nilichagua maneno kama mtu anayevuka mfereji kwa kukanyaga mawe: huenda, inaonekana, daktari anadhani. Nilidhani atalia au atapiga magoti.

"Na mimi nimegawa kila kitu," akasema, kwa hasira kabisa.

Kaka nilimpigia simu hapohapo. Nyuma yake nilisikia mitambo ya kiwanda, kisha mlango, kisha kimya. Nikarudia kueleza mara mbili.

"Nilishawaambia watu wa nyumbani wafyeke nyasi," akasema. "Dada, nilikuwa ninamzika?"

Nikamwambia hapana, ulikuwa unamtunza kwa habari tulizokuwa nazo. Lakini alilia, na sikuwa nimemsikia akilia tangu tulipokuwa watoto. Nikabaki na simu sikioni mpaka aliponyamaza.

Upasuaji ulifanyika asubuhi moja ya mvua nyembamba. Daktari wa upasuaji alitoka kabla ya saa tuliyotarajia, na safari hii ujio wa mapema haukunitisha. Alisema waliukuta uvimbe mgumu, mweupe, mzima, umekaa peke yake, mkubwa kama kichwa cha mtoto mchanga. Kwa umri wa Mama alitoa ovari zote mbili, akakagua kila mahali kwa mkono, akafunga. "Alichokisoma mwenzangu kwenye picha ndicho nilichokikuta," alisema. Zilibaki wiki mbili za kusubiri maabara, na sitadanganya kwamba nililala vizuri. Majibu yalipokuja yalikuwa mistari michache. Fibroma. Hakuna saratani. Picha ya kifua iliyofuata ilionyesha pafu safi, bila tone la maji. Hakuna aliyeyatoa tena. Yalikauka yenyewe, kama alivyosema yule daktari wa kandambili.

Wodini, kwenye kitanda cha kando ya Mama, kulikuwa na mwanamke wa rika langu, mwalimu. Yeye picha yake ilisema lile jambo lingine. Nilimwonea aibu furaha yangu, nikawa ninaificha chini ya shuka. Siku moja akaniambia nisifanye hivyo. "Hata mimi picha imenisaidia," alisema. "Wameniambia mapema, nimepelekwa moja kwa moja kwa madaktari wa saratani. Dada yangu alipasuliwa bila mtu kujua kuwa ni saratani, ikabidi arudiwe." Sijui aliishia wapi. Ninamwombea kila ninapomkumbuka, na ninamkumbuka mara nyingi.

Mama aliporudi Mbotela, mali nayo ikaanza kurudi. Kaka alileta redio bila kuulizwa, akaiwasha, akaondoka haraka. Vitenge nilivirudisha viwili, viwili akasema nibaki navyo kama faini ya kutomwona mapema. Kabati alilikataa. Alisema limeshazoea nyumba nyingine, na mke wa mwanawe alikuwa amelipanga vizuri kuliko yeye. Ile picha ya studio aliiwekea fremu, akaitundika juu ya kochi. Wageni wanamsifia jinsi alivyopendeza, naye hawaambii ilipigwa kwa kazi gani.

Kanisani alisimama kutoa ushuhuda kwamba Mungu amemfutia kansa. Tukiwa njiani kurudi nikamwambia, "Lakini Mama, kansa haikuwepo."

"Na nani alimwonyesha daktari kwamba haikuwepo?" akanijibu.

Kwangu shukrani zina nyuso. Kuna kijana wa kliniki aliyeandika juu ya barua kwamba ni haraka. Kuna daktari aliyekataa kushika kisu kabla ya kujua. Kuna jirani na kishindo chake. Na kuna mtu aliyelipwa kukaa chumbani akisoma vivuli, ambaye angeweza kuandika ripoti yake, akaiacha isubiri siku zake, lakini akainuka akafungua mlango.

Kwake tulirudi miezi mitatu baadaye, mimi na Mama, na kilo mbili za omena bora zimefungwa kwenye gazeti. Hakutukumbuka mara moja. Anaona wengi mno. Mama akamwambia, "Mimi ndiye wa uvimbe mweusi," na uso wa daktari ukafunguka.

"Tembea nikuone," akasema.

Mama akatembea kutoka mlangoni hadi dirishani, akageuka, akarudi, gauni lake jipya limemkaa vizuri kiunoni. Daktari akamwambia arudie. Akarudia, safari hii kwa madaha kidogo.

"Watu hawarudi," daktari alisema. "Wakipona wanaenda, wakizidiwa wanaenda. Mimi hubaki na picha tu."

Mama akamshika mikono yote miwili, akaiinua, akaiombea kwa lugha ya kwao, maneno ambayo hata mimi nusu yake siyajui. Daktari alisimama ameinamisha kichwa mpaka akasikia amina. Kisha mhudumu akachungulia, akasema kuna mama mwingine tayari kwenye mashine, na binti yake anauliza kama itachukua muda. Tukasogea kando, yeye akapita.